Bwana Grey wa Fallodon, Mvuvi wa Mto Itchen

Katika kurasa hizi tumezoea kusimulia maisha ya maaskofu, makasisi na makatekista. Safari hii tumechagua mvuvi. Wala si mvuvi wa nyavu na ngalawa atokaye alfajiri kutafuta riziki ya watoto wake, bali mvuvi wa ufito na mshipi, mtu wa kusimama peke yake kando ya mto siku nzima na kurudi nyumbani na samaki wawili, na kuona kwamba siku ile ilikuwa njema.

Jina lake ni Edward Grey. Aliyesoma habari za Vita Kuu ya kwanza amekutana naye, kwa sababu alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza tangu Desemba 1905 hata Desemba 1916, miaka kumi na mmoja mfululizo, na hakuna aliyemzidi kwa kukaa mfululizo katika kiti kile. Lakini wako watu wengine wanaomkumbuka kwa sababu tofauti kabisa. Hao ni wavuvi wenzake, wale wavuao kwa nzi wa bandia. Kwao yeye ni mwenzao aliyeandika kitabu kizuri juu ya uvuvi huo mwaka 1899, na habari za uwaziri wake huja nyuma. Tumeona ni vema kumtazama kutoka upande wao kwanza, kisha turudi upande wetu, maana na sisi watu wa Afrika Mashariki tuna habari naye.

Alizaliwa London tarehe 25 Aprili, 1862, akakulia Fallodon, shamba la jamaa yake katika Northumberland, kaskazini kabisa ya Uingereza, karibu na bahari. Baba yake, aliyekuwa askari, alikufa mwaka 1874, mtoto akiwa na miaka kumi na miwili tu. Akalelewa na babu yake, Sir George Grey, aliyekuwa amewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Mzee huyo naye alifariki mwaka 1882, na kijana akarithi shamba na cheo cha Sir kabla hajatimiza miaka ishirini na mmoja.

Hapo ndipo Kanisa linapoingia katika maisha yake. Vikari wa mtaa wa Embleton, jirani na Fallodon, alikuwa Mandell Creighton, mwanachuoni mkubwa wa historia, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Peterborough, kisha Askofu wa London. Vikari huyu alimchukua kijana kama mwanafunzi wake, akamsomesha, akamzoeza kufikiri juu ya mambo ya nchi. Kazi ile ilihitajika sana, kwa maana Grey alikuwa mvivu wa vitabu. Mwezi Januari 1884 chuo cha Balliol huko Oxford kilimfukuza kwa uvivu. Alirudi baadaye mwaka ule ule kufanya mtihani, akapita kwa daraja la tatu. Tunalitaja jambo hili kwa ajili ya wazazi wenye vijana wa namna hiyo nyumbani, kwa sababu mwaka 1928 chuo kikuu hicho hicho cha Oxford kilimchagua mtu huyu kuwa Mkuu wake.

Uvivu wake, lakini, haukuwa wa kila kitu. Tangu utoto alikuwa akivua katika vijito vya Northumberland kwa chambo cha nyungunyungu, kama watoto wa kila nchi. Alipopelekwa shule huko Winchester, kusini mwa Uingereza, alikuta mto wa namna nyingine, nao ni Itchen. Hapana budi tueleze kidogo, maana bila hayo msomaji hataelewa mtu huyu alipenda nini.

Mto Itchen hutoka katika vilima vya chokaa nyeupe. Mvua huingia ndani ya mawe yale, ikakaa humo, kisha hutoka polepole katika chemchemi. Kwa hiyo maji yake hayajai ghafula wala hayakauki upesi, nayo ni maangavu, hata mtu huweza kuhesabu changarawe zilizo chini. Samaki wake ni trauti, mwenye madoadoa, apendaye maji baridi. Wasomaji wetu wa Kenya watamjua, kwa kuwa trauti waliletwa kutoka Scotland na kutiwa katika mto Gura, katika milima ya Nyandarua, mwaka 1905 kwa juhudi za Ewart Grogan, na leo wamo katika vijito vingi vya milima ile na vya Mlima Kenya.

Sasa, trauti wa Itchen hula wadudu wadogo wanaotoka majini na kuelea juu kabla ya kuruka. Mvuvi huchukua ndoana ndogo sana, akaifungia manyoya na nyuzi mpaka ifanane na mdudu yule. Kisha humwendea samaki kwa nyuma, maana trauti hukaa amekabili mkondo. Hutupa mshipi wake ili yule nzi wa bandia aanguke taratibu mbele ya samaki, umbali wa hatua moja au mbili, akaletwa na maji yenyewe. Nzi akivutwa na mshipi hata kidogo tu, samaki atajua ni uongo. Kivuli cha mvuvi kikipita juu ya maji, samaki amekwenda. Katika maji maangavu kama yale, na samaki waliokwisha kuona wavuvi wengi, mtoto wa shule hana nafasi kubwa. Msimu wake wa kwanza Grey alipata kidogo mno. Lakini mwanafunzi aliyewashinda walimu kwa uvivu alirudi mtoni kila saa aliyoruhusiwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka akawa miongoni mwa wavuvi bora wa nchi yake.

Mwaka 1885 mambo mawili yalimpata. Alimwoa Dorothy Widdrington mwezi Oktoba, na kabla ya mwaka kwisha alichaguliwa kuingia Bungeni kwa ajili ya Berwick-upon-Tweed, akiwa na miaka ishirini na mitatu. Alikaa mbunge wa mahali pale miaka zaidi ya thelathini. Mkewe hakupenda maisha ya mjini, naye Grey hakuyapenda zaidi yake. Basi mwaka 1890 walijenga kijumba kidogo karibu na mto katika kijiji cha Itchen Abbas. Hakikuwa nyumba ya waheshimiwa. Kila Jumamosi katika miezi ya uvuvi waliamka gizani, wakatembea kwa miguu kwenda stesheni ya Waterloo, wakapanda treni ya alfajiri, na kabla ya saa za watu kunywa chai London wao walikuwa ukingoni mwa mto. Hawakukaribisha wageni wengi. Waliandika katika daftari moja, kwa zamu, ndege waliowasikia na maua yaliyofunguka, na daftari hilo baadaye lilipigwa chapa kwa ajili ya rafiki zao.

Wasomaji wataona ni maisha ya raha, na kweli yalikuwa hivyo. Mtu maskini wa wakati ule hakuwa na mto wake. Lakini tuseme pia kwamba raha hii haikuwa ya fahari, na kwamba Grey aliiacha kila Jumatatu, ingawa alikuwa na mali ya kutosha kutokwenda kazini hata siku moja.

Na kazi ile ndiyo iliyomleta kwetu. Kati ya mwaka 1892 na 1895 alikuwa Naibu Waziri wa Mambo ya Nje. Mawaziri wenyewe, kwanza Lord Rosebery na baadaye Lord Kimberley, walikuwa katika Baraza la Malordi, kwa hiyo aliyesimama Bungeni kujibu maswali alikuwa ni kijana Grey. Katika miaka hiyo swali kubwa lilikuwa Uganda. Kampuni ya Waingereza ilitaka kuondoka kwa kukosa fedha. Askofu Tucker na rafiki wa Church Missionary Society walikuwa wameomba na kuchangisha ili isiondoke, wakiogopa yatakayowapata Wakristo wa Buganda. Wengine katika chama cha Grey mwenyewe walitaka nchi ile iachwe. Mwisho wake twaujua. Mwaka 1894 Uganda ikatangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na mwaka 1895 nchi ambayo leo ni Kenya ikafuata. Jina la Grey halimo katika nyimbo zetu wala katika barabara zetu, lakini sauti iliyotetea mambo hayo katika Bunge lile ilikuwa yake, na Jumamosi iliyofuata mwenye sauti hiyo alikuwa akivua trauti.

Hatusemi hivyo kwa kumdhihaki. Mtu huweza kuamua mambo ya watu asiowaona wala hatawaona, na akawa mtu mwema nyumbani kwake. Mambo haya mawili yote yalikuwa kweli kwake.

Desemba 1905 alifanywa Waziri mwenyewe. Haukupita muda, misiba ikaanza. Tarehe 1 Februari, 1906, Dorothy alikuwa akiendesha gari la farasi karibu na nyumbani kwao kaskazini. Farasi akashtuka, mama akatupwa chini, akapoteza fahamu. Mumewe aliitwa kutoka London katikati ya kazi. Siku tatu baadaye Dorothy alikufa bila kupata fahamu tena. Hawakuwa na watoto. Grey alirudi ofisini baada ya siku chache, na waliofanya kazi pamoja naye walishangaa kwamba aliweza kufungua barua.

Miaka mitano baadaye msiba mwingine ulitoka kwetu. Ndugu yake George alikuwa akiwinda simba katika nyanda za Athi, si mbali na Nairobi, mwanzoni mwa 1911. Simba alimrukia na kumrarua, na majeraha yakamwua baada ya siku chache. Na kama kwamba hayo hayakutosha, ndugu yake mwingine, Charles, aliuawa na nyati barani Afrika mwaka 1928.

Katikati ya huzuni hizo iko siku moja ya furaha ambayo tunapenda kuisimulia. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909 kwa safari yake ya uwindaji, akapita Kenya, Uganda na Sudani. Kabla ya kufika Uingereza alikuwa ameomba atafutiwe mtu atakayemtembeza mashambani na kumtajia ndege wa Kiingereza kwa sauti zao, maana alikuwa amewasoma vitabuni tu. Aliyejitolea ni Waziri wa Mambo ya Nje mwenyewe. Tarehe 9 Juni, 1910, watu hawa wawili wakaenda bonde la Itchen, kisha wakapita msitu wa New Forest, wakalala katika nyumba ya wageni. Hapakuwa na makarani wala polisi wala watu wa magazeti. Mahali pamoja njia ilikuwa imefunikwa na maji, wakavuka kwa miguu. Walikutana na aina kama arobaini za ndege, na karibu nusu yao waliwasikia wakiimba. Roosevelt alikuwa na masikio mazuri ajabu. Ndege akitajwa mara moja, hakuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Sasa tufike mwaka 1914, ambao hatuwezi kuukwepa. Tangu mwanzo wa uwaziri wake Grey aliwaruhusu wakuu wa majeshi ya Uingereza kushauriana na wa Ufaransa juu ya vita vinavyoweza kutokea na Ujerumani, na Baraza zima la Mawaziri halikuelezwa jambo hilo mpaka 1911. Wanahistoria wengi wamemlaumu kwa siri hiyo. Wengine humlaumu kwamba mwezi wa Julai 1914 hakuwaambia Wajerumani mapema na waziwazi kuwa Uingereza itapigana. Wengine husema angesema hivyo, mawaziri wenzake wangemwacha na serikali ingevunjika. Alijaribu kuyaita mataifa manne wakae pamoja wapatanishe, na Ujerumani ikakataa. Jumatatu tarehe 3 Agosti alisimama Bungeni akaeleza kwa nini nchi yake haiwezi kukaa kando ikiwa Ubelgiji itavamiwa, na kesho yake usiku vita vikaanza. Neno alilosema dirishani jioni moja ya siku zile, juu ya taa za Ulaya, limejulikana mno, hatuna haja ya kulirudia.

Taa zilizimika Ulaya, lakini njaa ilikuja mpaka kwetu. Watu wetu walichukuliwa kwa maelfu kwa maelfu wabebe mizigo ya jeshi kutoka mpaka wa Kenya hata Ruvuma na kusini zaidi. Waliokufa upande wa Waingereza peke yake hukisiwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria na chakula kibaya. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi zimepata majina yao kutoka kwa kikosi hicho, Carrier Corps. Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, aliongoza mwenyewe kikosi cha wapagazi mwaka 1916, akatembea pamoja nao. Wapagazi hao hawakulijua jina la Grey, naye katika kumbukumbu zake alizozitoa mwaka 1925 hakuwafikiria sana. Anayempenda mvuvi wa Itchen ampende akiwa amewakumbuka na hao.

Yeye mwenyewe alikwisha kuanza kulipa kwa njia nyingine. Kabla tu ya vita aligundua kwamba macho yake yanaharibika. Waganga walimshauri apumzishe macho, lakini hapakuwa na kupumzika. Usiku na mchana alisoma simu na barua kwa miaka miwili na nusu. Mwaka 1916 akapewa cheo cha Viscount, na mwezi Desemba, Lloyd George alipochukua serikali, Grey akaondoka. Vita vilipokwisha hakuweza tena kusoma kitabu. Akajifunza maandishi ya nukta, yale ya vipofu, akasoma kwa vidole.

Msomaji akumbuke tulivyoeleza uvuvi wa Itchen. Nzi wa bandia ni mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, naye huelea mbali, na mvuvi asipomwona hawezi kujua samaki amemmeza saa ngapi. Kwa hiyo kitu alichokipenda tangu miaka kumi na minne ndicho kilichomtoka kwanza. Kijumba chenyewe kiliungua moto mwaka 1923. Nyumba ya Fallodon ilikuwa imekwisha kuungua mwaka 1917, ikajengwa upya. Lakini hakuweka ufito chini. Alikwenda kuvua samoni, samaki mkubwa wa mito ya kaskazini, ambaye huvuliwa kwa nzi aliyezama ndani ya maji. Hapo si jicho linalojua bali mkono, kwa kuwa mvuto wa samaki husikika katika mshipi. Kitabu chake cha uvuvi kilipopigwa chapa tena mwaka 1930 aliongeza sura mpya, na hakuna malalamiko ndani yake. Sisi tunaiona sehemu hiyo kuwa bora kuliko ya ujana wake.

Mwaka 1922 alioa tena, akamwoa Pamela, mjane wa Lord Glenconner. Mama huyu naye alifariki Novemba 1928, na Grey akabaki peke yake mara ya pili.

Alibakiwa na ndege. Asiyeona huweza kusikia, naye alikuwa ameyazoeza masikio yake tangu siku za daftari la kijumbani. Mwaka 1927 alitoa kitabu juu ya ndege na nyimbo zao, akiwa karibu kipofu, na watu wengi wasiojali siasa hata kidogo walikinunua. Huko Fallodon alikuwa na mabwawa mawili ya bata wa aina nyingi, wasiofungwa. Jioni alikwenda na kapu la nafaka, akakaa chini, nao wakatoka majini wakamzunguka, wengine wakapanda juu ya magoti yake. Kindi waliingia chumba chake cha vitabu wakachukua karanga. Iko picha yake akiwa amekaa kimya na ndege mdogo wa kifua chekundu ametua juu ya kofia yake. Ukiitazama picha ile huwezi kudhani kwamba mzee huyu ndiye aliyetangaza vita.

Alifariki Fallodon tarehe 7 Septemba, 1933, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakazikwa pale pale shambani karibu na Dorothy. Rafiki zake walikusanya fedha, na mwaka 1938 huko Oxford, katika chuo kikuu kilichowahi kumfukuza, ikaanzishwa taasisi ya kuchunguza maisha ya ndege yenye jina lake. Ingali inafanya kazi hadi leo. Mto Itchen nao unashuka kutoka vilima vyake vya chokaa, na watu wangali wanaukaribia kwa kuinama, wakiangalia vivuli vyao visianguke juu ya maji.